Hesabu ya Wageni wa Bibi

Mlinzi wa getini alinijua. Miaka yote niliyokuwa nikija, alikuwa akiinua kile kizuizi cha getini kabla sijashusha kioo cha gari. Lakini asubuhi ile ya Ijumaa, tulipokwisha kuanua matanga ya Bibi, alitoka kibandani na tableti yake mkononi, akainama dirishani, akanipa pole kwa Kiarabu, kisha akauliza swali ambalo hakuwa ameniuliza tangu siku za mwanzo kabisa: "Mgeni wa nani?" Hakuwa na ubaya. Jina la Bibi lilikuwa limeshafutwa kwenye mitambo yao, na pale, kwenye makazi ya wazee njia ya Yiti, haingii mtu bila jina la mwenyeji. Nyuma yangu lilikuwepo gari la Ami Khalfan, ndugu yake baba, na nyuma yake la Shangazi Moza. Tulikuwa tumekuja kutoa vitu vya Bibi chumbani, na hakuna aliyetuagiza chakula, lakini kila gari lilikuwa na sufuria ndani. Sufuria langu lilikuwa la biriani, nimelizungushia taulo na kulifunga mkanda wa kiti kama mtoto. Swali lile ndilo tulilolisahau mwaka ule tulipokaa kitako kupiga hesabu kama Bibi ahame au asihame.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni, shahada ya uhasibu mkononi na kazi hakuna. Nilikuwa nikikaa na Bibi kwake Mutrah, mji wa bandari, kwenye nyumba ya ghorofa iliyopanda kilimani ikawa na ngazi nyingi kuliko vyumba. Sasa nina fleti yangu yenye jiko safi lisilonuka kitu, na ndipo nnapoelewa kuwa nyumba ile haikuwa na harufu moja hata siku moja. Alfajiri ilinuka hiliki na maziwa. Mchana ilinuka mchuzi wa papa, na jioni udi, ambao Bibi aliufukiza kwanza kwenye mito ya sebuleni na mwisho kwenye nywele zake. Kiyoyozi cha sebuleni kilikuwa kikubwa kama kabati na kilinguruma hata tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, na mtu akikizima tuliendelea kupiga kelele kwa mazoea. Dirishani ilionekana Bandari ya Sultan Qaboos. Meli za watalii zilipotia nanga, Bibi alivuta kiti, akavaa miwani, akawatazama wazee wa Kizungu wakishuka na kofia zao pana. "Watazame wale," aliniambia siku moja, mkate wa kumimina mkononi. "Wameuza majumba yao, wamenunua baharini. Hawapiki, hawafui. Mzee kama mie anaulizwa leo utakula nini." Nilicheka, nikasema masikini, hawana watoto wa kuwatunza. Bibi alitafuna mkate wake polepole.

Mambo yalianza alipoteleza jikoni. Hakuvunjika kitu, alhamdulillahi, lakini alivimba mguu na akakaa chini siku nzima, na Neema, msichana wa Singida aliyekuwa akifanya kazi pale, ndiye aliyembeba mgongoni na kumpandisha ngazi. Jioni ile ile Ami Khalfan alikuja kutoka kwake Ansab na kijitabu cha rangi, karatasi zake laini, picha za wazee wa Kiomani wakicheka mbele ya maua. Mimi na Neema tulikuwa jikoni tukichambua mchele, na maneno yakatujia yote kupitia dirisha dogo la kupitishia sahani. "Mama hawezi ngazi tena," alisema Ami. "Kuna makazi mapya njia ya Yiti. Daktari yupo, nesi yupo, chumba chake mwenyewe." Shangazi Moza alimrukia: "Makazi! Sema nyumba ya wazee, Khalfan, usiipake poda. Mama yangu si kontena la kwenda kuwekwa yadi!" Ami akasema hakuna anayemweka mtu yadi, yeye anauliza swali la fedha tu. Kiyoyozi kimoja kinakula umeme wa nyumba mbili, tangi la juu linavuja, kila wiki dereva wa kumpeleka hospitali. "Basi tupige hesabu," alisema. "Hesabu haina huruma, lakini haina uongo." Shangazi akamjibu, "Na watu watasema nini? Au hilo nalo utalipigia hesabu?" Katika maneno yote yale sauti ya Bibi haikusikika, isipokuwa mara moja, aliposema, "Khalfan, kunywa chai, itapoa."

Neema aliacha kuchambua. "Dada Raya," aliniambia kwa sauti ya chini, "wakimpeleka Bibi huko, mimi je? Kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, ni Bibi. Bataka yangu ya ukaazi imeandikwa kwake. Bado nina wa kusomesha nyumbani." Nilimwambia hapatakuwa na lolote, jambo ambalo sikulijua. Hata leo nikichambua mchele naisikia ile "mimi je" yake. Lilikuwa swali la haki kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, maana wengine wote tulijifanya tunaulizia habari za Bibi tu.

Kazi ya hesabu nilipewa mimi, kwa sababu ya shahada na kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Niliweka kompyuta kwenye meza ya kulia, nikagawa ukurasa pande mbili. Upande wa Mutrah niliandika umeme, maji, fundi wa tangi, mshahara wa Neema na tiketi yake ya likizo, dereva, na chakula cha nyumbani. Upande wa Yiti niliandika amana ya kuingilia, ambayo sehemu yake hurudishwa kwa warithi, na ada ya kila mwezi, ambayo ilinitisha hadi nikaisoma mara mbili. Lakini ndani ya ada mlikuwa na kila kitu: umeme, nesi, dawa za kawaida, gari la hospitali, na milo yote ya mkaazi. Kisha nikaongeza kodi ya nyumba ya Mutrah kama tungeipangisha, maana nyumba zenye dirisha la bandarini zilikuwa zikitafutwa. Nilipojumlisha, Yiti ikatoka rahisi. Si kwa mengi, lakini rahisi. Kilichoielemea Mutrah ni chakula. Nilishangaa jinsi mwanamke mmoja na msichana wake wa kazi walivyokuwa wakila, magunia ya mchele, mbuzi, samli kwa madebe, lakini risiti zilikuwa mbele yangu na risiti hazisemi uongo.

Bibi alikuja akasimama nyuma yangu, mkono begani kwangu, akinukia udi. Akauliza hesabu inasemaje. Nikamwambia inasema ahame. "Na mchele huu," akasema, akigusa kioo kwa kidole chenye hina, "umeuandika wa nani?" Nikajibu wa nyumbani, Bibi. "Wa nyumbani," akarudia. Akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni kilichomtikisa mabega, hadi Neema akatoka jikoni kuona kuna nini. "Haya mwanangu. Kama hesabu imesema, nnakwenda. Mwezi mmoja wa kujaribu. Nikishindwa nnarudi na mguu wangu huu huu." Nilidhani anacheka uzee wake. Nilimbusu kichwani, nikafunga kompyuta.

Makazi yenyewe yalikaa mahali ambapo milima mikavu inaishia na upepo wa Yiti unaanza kuwa na chumvi. Chumba cha Bibi kilikuwa na kitanda cha kupandisha na kushusha, dirisha moja, kitufe chekundu cha kumwita nesi, na ukuta mweupe kiasi cha kutia baridi. Shangazi Moza alipouona alilia, akatoa kwenye mfuko mito ya sebule ya Mutrah na kuipanga kila mahali, mpaka chumba kikawa hakina pa kukaa. Jirani yake, mlango wa pili, alikuwa Bi Zuwena, mwembamba kama fimbo yake ya kutembelea, amezaliwa Vuga kama Bibi alivyozaliwa Malindi, mitaa miwili ya mji mmoja wa kisiwani tulikotoka. Watoto wake wote walikuwa wamehamia Ulaya na walimpigia simu za video Jumapili. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akatutazama tunavyosukumana na mito. "Mmemleta mtu au mmeleta duka?" akauliza. Bibi akageuka. Lafudhi ile, ya mji ule, ya wakati ule, nadhani hakuwa ameisikia kutoka kwa mtu asiyekuwa ndugu kwa miaka mingi. "Kwenu wapi weye?" akamuuliza. Na kabla hatujamaliza kupanga dawa, wale wawili walishakaa kwenye kitanda wakibishana duka la halwa lilikuwa upande gani wa kichochoro.

Mwezi ule familia nzima tulikwenda kumwona Bibi mara nyingi kuliko ilivyowahi kwenda Mutrah, kwa woga wa kusemwa na kwa mapenzi, na sijui kipi kilizidi. Shangazi alikwenda na watoto wake karibu kila mchana. Ami alipitia akitoka kazini. Binamu zangu walileta marafiki. Kila aliyefika aliandikwa getini, mgeni wa Bibi, na kila aliyekaa, Bibi aliinua mkono ule ule wenye hina, mhudumu akaja. "Leteni chai. Sambusa zipo? Leteni. Huyu hajala, mtazame uso wake. Leteni biriani." Tulisema tumeshiba, kama mtu anavyosema, na tulikula, kama mtu anavyokula. Kwa Bibi hakutoka mtu na tumbo tupu, alikuwa ameapa hivyo tangu siku ya arusi yake, na hakuna aliyefikiri kuwa kiapo chake kingevuka milima na kufika Yiti. Bi Zuwena alikaa katikati yetu, akila nasi, akiwaibia watoto karata. Nilimwona siku moja akimsikiliza mhudumu akimsomea Bibi majina ya wageni wa siku, na alipoulizwa yeye, Bi Zuwena, je, ana mgeni leo, alitikisa kichwa haraka na kusema mchezo uendelee.

Mwisho wa mwezi bili ilikuja. Ami alitukusanya chumbani kwa Bibi, kila mtu kwenye mto wake, akavaa miwani na kusoma kwa sauti kwa sababu alidhani ni makosa ya ofisi. Ada ilikuwa ile ile tuliyoijua. Chini yake ilifuata karatasi nyingine, na nyingine, ya milo ya wageni. "Moza na watoto, chakula cha mchana. Moza na watoto, chakula cha mchana. Moza na watoto, aiskrimu." Shangazi akasema, "Ile aiskrimu ilikuwa ndogo." Ami akaendelea. "Raya, chai na vitumbua. Raya. Raya tena. Khalfan, samaki wa kuchoma..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akalisoma tena jina lake kimoyomoyo. Yiti ilikuwa imeizidi Mutrah kwa mbali sana. Mimi nilikuwa nimekaa na hesabu yangu kichwani, na ile safu ya chakula cha nyumbani ikaanza kunifumbukia, magunia, mbuzi, samli. Katika nyumba ya Bibi hakuna kati yetu aliyejiona mgeni, kwa hiyo hakuna aliyejihesabu, hata mimi niliyekuwa nikilala pale pale. Tulikuwa tumepima gharama ya kumhamisha mwanamke mmoja, na tukasahau kwamba mwanamke huyu hakuwa akila wali peke yake.

"Basi yamekwisha," alisema Shangazi, na kwa kweli uso wake uling'aa. "Hesabu imekataa. Mama anarudi nyumbani." Ami alikunja karatasi, amechoka, akasema labda ndiyo, wataweka kitanda chini, watatafuta fundi wa tangi. Kila mtu alianza kusimama na mto wake. Bibi akasema, "Kaeni." Alisema taratibu, lakini tulikaa. "Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Mmeuliza umeme, mmeuliza tangi, mmeuliza watu watasema nini. Mie nnataka kukaa hapa." Ami alisema, "Mama, lakini bili..." "Bili nimeiona, nimeifanya mie. Nilitaka na nyinyi muione. Kule Mutrah bei yenu imekaa ndani ya gunia, haina majina. Sikuwalisheni kwa kinyongo, wallahi, na leo ningeweza ningewalisheni tena. Lakini nimechoka, wanangu. Nimechoka kuamka nikiwaza leo nani anakuja, nyama inatosha?"

Shangazi Moza alikuwa amejifunika uso na mtandio. "Watasema tumekutupa," alisema ndani ya kitambaa. "Waambie nimehama," Bibi akamjibu. "Aliyetupwa hana miadi ya karata baada ya alasiri." Bi Zuwena, ambaye hakuna aliyemwalika kwenye kikao kile na hakuna aliyethubutu kumtoa, akasema, "Na anadaiwa mchezo wa jana." Tulicheka, hata Shangazi, kicheko chenye makamasi. Kisha Bibi alimvuta Ami mkono akamkalisha karibu yake, mtu mzima mwenye mvi, akawa anamsugua vidole kana kwamba ana baridi. "Nisikilize, Khalfan. Kule Mutrah nnakaa nnawangojea. Mkija nnafurahi, msipokuja nyumba inanimeza. Hapa mkija nnafurahi, na msipokuja nna Zuwena. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Ipigeni sasa na yenu, muone kama zinakutana."

Tukazikutanisha. Nilifungua kompyuta palepale juu ya kitanda, na safari hii Bibi ndiye aliyesema na mimi nikaandika. Dhahabu zake ziuzwe zilipe amana. Shangazi alishtuka, zile ni za urithi, na Bibi akamwambia urithi unamngoja maiti, yeye yu hai na anataka kitanda cha kupanda na kushuka. Nyumba ya Mutrah isiuzwe, ipangishwe, kodi ibebe ada, na kilichopungua wanawe wachangiane, kila mtu kwa uwezo wake. Neema ahamishiwe kafili, awe kwa Ami Ansab, mshahara usipungue hata baisa, "na aulizwe kwanza yeye mwenyewe, msimbebe kama mto." Neema aliulizwa, akafikiri, akakubali kwa sharti la kupewa mapumziko ya Ijumaa, siku ambayo huku hata makanisa husali. Na mwisho, wageni. Ofisini walikubali, baada ya Ami kwenda na kurudi mara kadhaa, kwamba Ijumaa familia itumie ule ukumbi mdogo na kuja na chakula chake. "Atakayekuja Ijumaa aje na sufuria," alisema Bibi. "Siku nyingine chai ni yangu, aiskrimu mtajilipia." Nilijumlisha. Bado Yiti ilikuwa ghali kidogo kuliko Mutrah. Nilimwonyesha. Alivaa miwani akaitazama ile tofauti muda mrefu, kama mtu anayetazama kitambaa dukani. "Si ghali," akasema. "Nnainunua."

Ijumaa ya kwanza Neema alikuja na gari la Ami, amevaa gauni la kanisani, na kwa mazoea akaelekea moja kwa moja kuchukua sahani apakue. Bibi alimshika mkono. "Leo weye umeandikwa getini," akamwambia. "Mgeni wangu. Kaa." Akampakulia mwenyewe, kwa mkono uliokuwa umeshaanza kutetemeka, wali ukimwagika kidogo kandokando ya sahani, na Neema alikaa wima akiitazama sahani ile bila kuigusa mpaka Bi Zuwena akamuuliza kama anangoja ipige kengele. Nimekula mahali pengi tangu wakati ule. Nimekaa kwenye karamu ambazo sahani zake zilikuwa na mistari ya dhahabu. Sijaona tena mtu akipokea chakula kwa namna ile, wala akitoa kwa namna ile. Na Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka ikapita hivyo. Bibi aliacha kuwaza nyama. Alinenepa. Alijifunza kuiba karata.

Yote haya yalinipitia pale getini, dirisha likiwa wazi na joto likiingia, mlinzi akingoja na kidole juu ya kioo. Nyuma yangu Ami alishuka kwenye gari lake, akaja, amevaa kanzu yake ya msiba, akaanza kueleza kwamba tumekuja kutoa vitu, kwamba ofisi inajua, kwamba ikibidi kulipa atalipa, na mkono ulishaingia mfukoni kutafuta kadi. Mlinzi alisema si malipo, ni jina tu, lazima aandike jina la mwenyeji. Tulitazamana, Ami na mimi. Nyuma yake Neema alikuwa ameshuka naye, sufuria kichwani amelishika kwa mkono mmoja, na hakuna kati yetu aliyekuwa na jina la kutoa.

Ndipo tuliposikia fimbo. Bi Zuwena alikuwa akija kwenye njia ya maua, peke yake, chini ya jua ambalo wauguzi walimkataza, mtandio umemteleza mabegani, akipiga fimbo chini kana kwamba anaiamuru ardhi isogee. Alikuwa ametuona dirishani, au alikuwa ametungoja dirishani, sijui. Alifika, akashika kizuizi kwa mkono ili apumue. Kisha akamwambia mlinzi kwa Kiarabu, sauti ikikwaruza, "Andika kwangu."

Mlinzi aliuliza ni yupi kati yetu. "Wote," alisema Bi Zuwena. "Gari hili na lile na lile. Zuwena, mlango wa pili. Au hunijui?" Alingoja mpaka kidole cha mlinzi kilipomaliza kuandika jina la mwisho, akichungulia kioo, midomo ikisoma pamoja naye. Kizuizi kikainuka. Ndipo akamwona Ami amesimama na kadi mkononi, akamgonga kiwiko kwa kichwa cha fimbo. "Rejesha mfukoni hiyo," akamwambia kwa Kiswahili. "Kwangu mgeni halipi. Haya, Neema, lipitishe sufuria, linapoa."